Nakala za Deraya za Kale kwa Makumbusho: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanawalenga mafundi wa chuma, shaba na ngozi wa Dar es Salaam waliopewa kazi, au wanaotaka kazi, ya kutengeneza nakala za deraya za kale za kuonyeshwa makumbusho, shuleni au kwenye maonyesho.

Deraya, dirii, chapeo: ni kitu kimoja?

Hapana. Deraya ni vazi zima la kujikinga vitani. Dirii inakinga kifua na mgongo, chapeo inakinga kichwa. Dirii ni neno la Kiarabu, chapeo tumeachiwa na Wareno. Wengi tumeyajua maneno haya kwenye habari za Daudi na Goliathi, na hapo pana kosa moja linalorudiwa kila mwaka kwenye maigizo: Goliathi huvishwa kifua cha bati laini kama cha Mrumi, ilhali maandishi ya Kiebrania yanataja dirii ya magamba, yaani vipande vidogo vilivyopangwa kama vya samaki. Ukipewa kazi hiyo, tengeneza magamba.

Nakala ya makumbusho ina tofauti gani na vazi la filamu?

Vazi la filamu linatakiwa lipendeze mbele ya kamera kwa sekunde chache. Nakala ya makumbusho ni dai: inamwambia mtazamaji kwamba kitu kilikuwa hivi. Kwa hiyo kabla ya kununua hata kipande cha bati, kaa na mhifadhi wa makumbusho mkubaliane nakala iwe ya kweli katika jambo gani: umbo, malighafi, au namna ya kutengeneza. Nakala ya umbo tu inaweza kuwa ya plastiki na ikawa halali kabisa. Nakala ya malighafi inataka shaba nyeusi (bronzi) kama asili ilikuwa shaba nyeusi. Nakala ya namna ya kutengeneza haikubali mashine ya kuchomelea hata sehemu isiyoonekana. Ugomvi mwingi kati ya fundi na mteja unaanzia kwa kuruka mazungumzo haya.

Mfano mzuri ni chapeo ya Sutton Hoo ya Uingereza. Ilifukuliwa mwaka 1939 ikiwa vipande zaidi ya 500. Wakaiunganisha mara ya kwanza miaka ya 1940, wakaja kuona haikukaa sawa, wakaivunja na kuiunga upya kufikia 1971. Ndipo mwaka 1973 Royal Armouries, makumbusho ya silaha ya Uingereza, wakatengeneza nakala inayong'aa kama ilivyokuwa mpya. Kama nakala ingefuata umbo la kwanza, leo ingekuwa inaonyesha makosa ya watu wa 1946.

Kitu chenyewe kiko Ulaya. Vipimo nitavipata wapi?

Anza na ripoti za machimbo na katalogi za makumbusho. Nyingi zina michoro yenye kipimo, unene wa bati, hata uchambuzi wa madini. Picha ya mtandaoni peke yake haitoshi, maana haionyeshi upande wa ndani, na upande wa ndani ndiko ziliko alama za nyundo, ribiti na mabaki ya ngozi.

Kama kitu kiko hapa nchini na umepewa ruhusa, piga picha kwa ajili ya kujenga umbo la 3D kwenye kompyuta. Picha 80 hadi 150 zinatosha kwa chapeo, kila moja ikirudia walau theluthi mbili za iliyotangulia. Weka rula ndani ya picha, la sivyo utapata umbo zuri lisilo na ukubwa. Piga kwenye mwanga wa mawingu au kivuli. Chuma kinachong'aa huichanganya programu, kwa sababu mng'ao unahama kila ukisogea nayo inadhani uso umehama.

Naweza kumwagia silikoni juu ya kitu cha asili nipate kalibu?

Usifanye. Silikoni inang'oa kutu iliyoshikilia umbo na inaacha mafuta ndani ya vinyweleo vya metali. Vitu vya kale vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 na marekebisho yake ya 1979. Skani, chapisha kwa plastiki, kisha toa kalibu kwenye plastiki hiyo.

Bati la unene gani?

Deraya nyingi za kale ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani. Deraya ya Kirumi ya mabamba, ile iliyopatikana Corbridge, Uingereza, mwaka 1964, ina chuma cha takriban milimita 1. Deraya ya shaba nyeusi ya Dendra, iliyofukuliwa Ugiriki mwaka 1960 na yenye umri wa karne ya 15 kabla ya Kristo, nayo ni hivyo hivyo. Mafundi huchukua milimita 2 "iwe imara", halafu mteja analalamika haivaliki.

Kwa hesabu za haraka: chuma cha unene wa milimita 1 kina uzito wa kilo 7.85 kwa mita moja ya mraba, shaba nyeusi karibu kilo 8.8. Shiti nzima ya futi 4 kwa 8 ya geji 18 (milimita 1.2) ni kama kilo 28. Pima eneo la vielelezo vyako vya karatasi ya manila, zidisha, nawe utajua uzito kabla hujakata. Deraya ya Corbridge ikikamilika inakuwa karibu kilo 9. Yako ikifika 15, kuna mahali umekosea.

Kwenye maduka ya Gerezani na Kariakoo omba shiti nyeusi ya kawaida ya geji 18, au geji 16 (milimita 1.6) kama utaibonyeza sana. Usichukue bati la kuezekea. La geji 28 halifiki hata nusu milimita, tena limepakwa zinki. Zinki huanza kuchemka nyuzi 907 za Sentigredi, na moshi wake mweupe huleta homa na kutetemeka usiku wa siku hiyo hiyo. Maziwa hayaitibu, wala hayaizuii. Kinga ni kutoichoma kabisa.

Shiti ya kisasa haifanani kwa ndani na chuma cha kale. Kile kiliyeyushwa kwa mkaa na mvukuto, kama walivyofanya Wahaya na Wafipa, na kilibaki na nyuzinyuzi za mavi ya chuma. Kwa nakala ya umbo haidhuru. Iandike tu kwenye maelezo.

Shaba nyeusi inapatikana Dar? Brasi haifai?

Shaba nyeusi ya kale ni shaba nyekundu yenye bati (ile metali, si ya kuezekea) kwa karibu asilimia 10. Shiti yake mara nyingi inabidi kuiagiza. Vyuma vya bushi vinavyouzwa kwa mafundi wa mashine za kukereza vinaitwa bronzi, lakini vingi vina risasi ndani. Risasi haichanganyiki na shaba, inakaa kama matone katikati ya chembe, na ukipiga nyundo bamba linapasuka kama biskuti. Bushi ni ya kumimina kwenye kalibu, si ya kufua.

Brasi ya kawaida ya njano ina zinki asilimia 30 na zaidi, na rangi yake inajitangaza kutoka mlangoni. Ukilazimika, tafuta brasi nyekundu yenye zinki kama asilimia 15. Rangi yake inakaribia sana shaba nyeusi. Kwa bawaba na vifungo vya deraya za Kirumi, hata hivyo, brasi ndiyo sahihi, kwani Warumi wenyewe waliitumia.

Ukichanganya mwenyewe: gramu 900 za shaba safi kwa gramu 100 za bati. Waya wa mota unafaa baada ya kuondoa vanishi. Madini ya bati yanachimbwa Kyerwa, mkoani Kagera. Yeyusha shaba kwanza (nyuzi 1085) chini ya tabaka la mkaa, kisha weka bati mwishoni, maana likikaa muda mrefu linaungua na kuwa takataka juu. Koroga kwa fimbo ya chuma iliyopashwa moto tayari. Skrepa nunua kwa risiti. Shaba isiyo na mwenyewe Dar mara nyingi ni waya wa umeme wa watu.

Nianzie wapi kutengeneza chapeo?

Anza na chapeo ya Kirumi ya aina ya Montefortino. Ni bakuli lenye kifundo juu na ukingo mdogo nyuma, halina mikunjo ya kukutesa. Ya Kikorintho, inayofunika uso mzima na ambayo hufuliwa kutoka bamba moja, iache mpaka umeharibu chache za mwanzo.

Duara la kukata lina hesabu yake. Kwa nusu tufe yenye kipenyo cha sentimita 22, duara bapa ni sentimita 31. Chapeo ikishuka sentimita 6 zaidi ya nusu tufe, duara linafika karibu 39. Ongeza sentimita 1 pembeni za kupunguza baadaye. Lainisha ukingo kwa tupa kabla ya pigo la kwanza, kwa sababu kila kovu la mkasi ukingoni ni mwanzo wa ufa.

Chonga shimo la kina cha sentimita 4 hivi kwenye kichwa cha gogo. Mkwaju na mwembe vinastahimili. Tumia nyundo yenye uso wa mviringo, upige kuanzia nje kwa mizunguko ukielekea katikati. Katikati pawe pa mwisho na papigwe kidogo, kwani ndipo panapokonda. Ukingo utaanza kufanya mawimbi. Yapige yakiwa madogo. Wimbi likishajikunja juu ya lenzake, bamba limekufa. Bakuli likifika nusu ya kina, ligeuze ulipige kwa nje juu ya fuawe lenye kichwa cha mviringo, nyundo ikitua mbele kidogo ya mahali bamba linapogusa fuawe. Hapo metali inarudi ndani na ukingo unanenepa badala ya kukonda. Mwisho sawazisha kwa nyundo bapa iliyong'arishwa, mapigo mepesi yanayopandana. Uso wa nyundo ukiwa na mkwaruzo, utauchapa mara elfu mbili.

Majirani wapewe taarifa mapema. Kazi ya siku nne za nyundo si ya uani Sinza saa tatu usiku.

Kwa nini shaba yangu inapasuka?

Kwa sababu imekakamaa na hujailegeza. Shaba na aloi zake zinakuwa ngumu kwa kupigwa. Sauti inakuonya: mlio mzito unageuka kuwa wa kengele, nyundo inaanza kuruka. Simama hapo hapo, ipashe moto mpaka iwe nyekundu iliyofifia, kisha iache ipoe au itumbukize majini. Shaba haiwi ngumu ikitumbukizwa majini kama chuma cha kaboni. Chapeo moja inaweza kutaka kulegezwa mara 8 hadi 15.

Kosa la pili ni kuipiga ikiwa bado nyekundu. Shaba nyeusi yenye bati asilimia 10 huwa dhaifu ikiwa na joto kali, inavunjika vipande. Ipigwe baridi.

La tatu ni letu la Dar: kupasha moto juani. Kwenye jua la saa sita wekundu hafifu hauonekani, unaendelea kuvukuta mpaka ukingo unayeyuka. Fanya ndani ya kivuli kizito au baada ya magharibi.

Chuma cha kawaida nacho hulegezwa kwa kukifikisha wekundu wa chungwa na kukifukia kwenye majivu kipoe polepole.

Vifungo na bawaba nimimine au nikate?

Vya bamba, kata. Vyenye umbo la sura au mnyama, mimina kwa nta. Chonga kwa nta ya nyuki, weka mirija ya nta ya kuingizia shaba na ya kutolea hewa, paka udongo laini uliochanganywa na samadi iliyochekechwa, tabaka tatu au nne, kila moja ikauke kivulini. Uzito wa shaba unaohitajika ni uzito wa nta mara 9 hadi 10, kisha ongeza theluthi kwa ajili ya mirija. Nta ya gramu 30 inataka karibu gramu 400 za shaba.

Kalibu ichomwe mpaka iwe nyekundu ndani, imiminwe ingali moto. Unyevu uliobaki unageuka mvuke na kurusha shaba iliyoyeyuka usoni mwako. Wakati wa masika udongo unaodhani umekauka haujakauka. Ngoja siku tatu zaidi, na usimimine juu ya sakafu ya saruji. Weka mchanga mkavu.

Deraya ya pete inahitaji pete ngapi?

Elfu 20 hadi 30 kwa shati moja, kutegemea ukubwa wa pete na urefu. Kila pete inashika nne. Za Kirumi na nyingi za baadaye zilipishana: safu ya pete nzima zilizokatwa kwenye bamba kwa patasi ya duara, na safu ya pete za waya zilizofungwa kwa ribiti.

Waya mweusi wa kufungia nondo unafaa, kwa sababu umeshalegezwa kiwandani. Chagua wa milimita 1.2 hadi 1.6. Wa seng'enge una zinki. Zungusha kwenye nondo laini ya milimita 8, kata, pandisha ncha moja juu ya nyingine milimita 3 hivi, legeza kwa moto, bapaza ncha kwa pigo moja, toboa kwa sindano bapa ya chuma kigumu, ingiza ribiti ya pembetatu, kisha bana kwa koleo lililochimbwa kishimo. Fundi aliyezoea akifunga 45 kwa saa, ribiti elfu 10 ni zaidi ya saa 220, bila kuhesabu kuzikata. Mteja anayetaka "ndani ya wiki mbili" aelekezwe kwenye pete zisizo na ribiti, na lebo iseme hivyo. Pete hizo hufunguka kwa uzito wake zenyewe, hasa mabegani na kwapani.

Printa ya 3D inaweza kumaliza kazi yote?

Kwa nakala ya kushikwa na watoto, ndiyo, ukijua mipaka yake. Plastiki ya PLA inalegea kwenye nyuzi 60 hivi. Iache ndani ya gari lililofungwa juani Mwenge na chapeo itafika imepinda kama kofia ya mkeka. Plastiki ya PETG inavumilia zaidi.

Namna nzuri zaidi ni kutumia printa kupata kielelezo, kukipiga msasa, kutoa kalibu ya silikoni, kisha kumimina resini iliyochanganywa na unga wa shaba kwa tabaka la kwanza na kuegemeza faiba nyuma. Ikikauka, isugue kwa steliwulu na unga unajitokeza kama metali. Kwa joto la hapa asilimia 1 ya kigumishi kwenye resini ya poliesta inatosha; ukiweka 2 inakugandia mkononi na kupasuka.

Mashine ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) ya kukata bati nayo ni msaada halali kwa mabamba mengi yanayofanana. Ondoa ukingo uliokakamazwa na moto kwa tupa kabla ya kukunja.

Ngozi gani?

Iliyotiwa dawa ya magome. Ngozi ya kromu, ndiyo nyingi sokoni, ni teknolojia ya karne ya 19. Kata ukingo uangalie: ya kromu ina ubuluu au ukijivu katikati, ya magome ni kahawia mpaka ndani. Tanini ya miwati inazalishwa Njombe, kwa hiyo kupata dawa si tatizo. Tahadhari ni mbili: tanini ikigusa chuma chenye unyevu inatoa wino mweusi, na mafuta ya ngozi yakigusa brasi yanatoa uji wa kijani. Paka nta chini ya kila ribiti.

Deraya za kitani za Wagiriki zilibandikwa kwa gundi?

Wataalamu hawajakubaliana. Kuna waliobandika tabaka za kitani kwa gundi ya wanyama mpaka unene wa sentimita 1 na kupata kinga nzuri dhidi ya mishale. Wengine wanasema zilishonwa tu, kwani hakuna deraya kamili iliyosalia. Nakala yoyote hapo ni pendekezo, na marekani ya pamba si kitani.

Na ngao za kwetu?

Ngao ya Kimasai ya asili ni ngozi ya nyati. Kwa nakala tumia ngozi nene ya ng'ombe dume kutoka machinjio ya Vingunguti, kwani ngozi ya mnyamapori bila kibali ni kesi. Osha chumvi yote, loweka, kwangua nyama na manyoya, ivute ikiwa mbichi juu ya umbo lenye mbinuko, ikauke kivulini. Ikikaukia juani inajikunja kama chapati. Shona kwenye ukingo wa mti, weka ubao wa mkono nyuma, ndipo upake udongo mwekundu, chokaa na mkaa. Chumvi iliyobaki huvuta unyevu na ngao inalegea kila masika.

Niifanye ionekane ya zamani?

Kwanza uliza kwa nini. Askari hakuvaa kutu, na nakala mpya inayong'aa inafundisha zaidi. Wakisisitiza, mvuke wa amonia na chumvi ndani ya ndoo iliyofunikwa utakupa kijani cha shaba kwa siku moja au mbili. Suuza kwa maji mengi, mara nne na zaidi. Chumvi iliyobaki inaendelea kula metali, na baada ya miezi utaona machozi ya kijani chini ya kioo.

Kutu ya Dar inazuiwaje?

Unyevu wa hewa hapa mara nyingi unazidi asilimia 70, na upepo wa bahari unaleta chumvi mpaka Kariakoo. Vaa glavu kuanzia hatua ya mwisho ya msasa; alama ya kidole leo ni kutu ya umbo la kidole kesho kutwa. Pasha bamba joto la kuunguza mkono kidogo, paka nta ya nyuki nyembamba, futa, rudia. Rudia tena kila miezi mitatu, na kila mwezi kama watu wanaishika.

Kabati lenyewe linaweza kuwa adui. Silikoni ya dirishani inayonuka siki hutoa asidi ya siki, mbao za emdiefu (MDF) nazo hutoa asidi zake, na sufu hutoa salfa inayoweusha shaba. Tumia silikoni isiyonuka, kioo na chuma kilichopakwa rangi, na pamba iliyofuliwa bila wanga.

Wageni wanaruhusiwa kuvaa?

Nakala iliyotengenezwa kwa lengo hilo, ndiyo. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti ambapo askari 13 wa Ugiriki walivaa nakala ya deraya ya Dendra na kuigiza mapigano kwa saa 11, na hapo ndipo ilipoonekana kwamba ilikuwa ya vita kweli, si ya sherehe tu. Kwa wanafunzi wa Dar dakika 10 zinatosha, ndani ya kivuli, na fulana nene chini. Kunja kila ukingo au upige tupa mpaka usikwaruze kucha.

Nakala iwekwe alama gani?

Alama isiyofutika, mahali pasipoonekana kwenye maonyesho: neno NAKALA, mwaka na alama ya karakana, vigongwe kwa patasi za herufi kabla ya kusawazisha. Wino na stika hutoka. Pamoja nayo kabidhi karatasi moja yenye malighafi, unene, chanzo cha vipimo, zana za umeme zilizotumika na sehemu zilizokisiwa, kila moja kwa jina lake: bawaba ya kushoto, kamba za ndani, rangi ya ngozi.

Malipo yakoje?

Theluthi moja vikikubaliwa vielelezo vya manila, theluthi mabamba yakishafuliwa kabla ya ribiti, iliyobaki wakati wa kukabidhi. Mhifadhi aje aone katika hatua ya pili, maana ribiti ikishabanwa, kubadilisha umbo ni kuanza upya.